Sanduku la Spana: Historia ya Kutengeneza Gari Kuukuu Mjini Jinja

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi walikuwa 14, wote wa kutwa, na masomo yalikuwa matatu: useremala, ujenzi na umakanika. Tukitajiwa jambo hili darasani huwa tunacheka kidogo, kisha somo linaendelea na tarehe zinazoonekana kuwa na uzito zaidi: 1949 chuo kilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, 1963 kilipoingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1970 kilipojitegemea. Umakanika hautajwi tena. Ulibebwa ukapelekwa kwingine, na elimu ya ufundi ikapata makao yake Kyambogo.

Swali langu katika insha hii ni dogo. Waganda wengi wanaojua kutengeneza gari hawakujifunza Makerere wala Kyambogo. Basi walijifunza wapi, na nani aliwafundisha? Vitabu vya historia ya uchumi wa nchi yetu nilivyosoma vinaeleza vizuri mashamba ya pamba, viwanda vya kuchambulia pamba, maduka na reli. Gereji hutajwa kwa jina la mwenye nyumba. Aliyelala chini ya gari hatajwi.

Ushahidi wangu ni sanduku moja la chuma lililojaa spana, pamoja na mzee anayelimiliki, babu yangu mzaa mama, ambaye nyumbani tunamwita Jjajja. Najua kwamba shahidi mmoja hatoshi, na tena shahidi ambaye ni ndugu. Lakini spana zina namba, na namba hazina undugu na mtu. Hilo nitalieleza.

Tuanze na reli. Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kazi hiyo ililetewa vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, baadhi walikufa, wengine wakabaki. Miongoni mwa waliobaki na waliokuja baadaye walikuwamo Masingasinga, ambao pwani huitwa Makalasinga: wahunzi, maseremala, waashi, na magari yalipoanza kuingia, makanika. Treni ilipovuka Nile kwa daraja la Jinja na kufika Kampala mwaka 1931, Jinja ukawa mji wa njiani, na bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 ukawa mji wa viwanda. Vibarua walitoka kila upande wa nchi na hata Kenya. Katika mtaa wa Walukuba, ambako Jjajja alikulia, Msoga aliishi mlango mmoja na Mluo, na mlango wa tatu alikuwamo Mualur. Walizungumza Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania maji bombani.

Napenda kulisisitiza hili kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili. Mara nyingi tunaambiwa kwamba hapa Uganda Kiswahili ni lugha ya askari, na kwamba watu waliichukia kwa sababu ya kambi na vizuizi vya barabarani. Ni kweli, na Idi Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakuisaidia. Lakini kulikuwa na Kiswahili kingine, cha gereji. Waganda wanaita gari *emmotoka*, neno lililotoka katika motokaa. Fundi ni fundi Jinja na ni fundi Lamu. Jjajja hajui kusoma gazeti la Kiswahili kwa haraka, lakini hana neno jingine la kutaja rejeta, kabureta, shokapu, plagi wala bushi. Ukimwomba ayaeleze mambo hayo kwa Kisoga, anaanza kwa Kisoga na sentensi inaishia kwa Kiswahili.

Aliingia gereji mwaka 1966 akiwa na miaka 15. Mwenye gereji alikuwa Singasinga. Nyumba ipo bado, karibu na barabara kuu ya mji, na juu ya mlango wake umeandikwa mwaka wa kujengwa kama ilivyo kwa majengo mengi ya zamani ya Jinja. Kijana wa gereji hakufundishwa. Mwaka wa kwanza Jjajja aliosha vyuma kwa petroli na kufagia. Mwaka wa pili alipewa kazi ya kukabidhi spana. Bwana wake akiwa chini ya lori alinyoosha mkono na kusema "nusu" au "tisa kwa kumi na sita", na kijana alitakiwa aweke chuma kinachotakiwa mkononi bila kuuliza. Akikosea, chuma kilirudi kikiruka. Hivyo alijifunza kuipima nati kwa jicho kabla hajawahi kufungua hata moja. Kufungua aliruhusiwa mwaka wa tatu, na kufunga, ambako ndiko kwenye hatari, mwaka wa nne.

"Alikuwa mkali?" nilimuuliza.

"Alikuwa fundi," akajibu. "Mjukuu wangu, hukuuliza kama alikuwa mwizi. Hakuwa mwizi."

Sasa turudi kwenye zile namba. Magari ya Kiingereza ya siku hizo, Bedford, Morris, Austin na Land Rover, yalifungwa kwa nati za inchi. Magari ya Kifaransa, ya Kijerumani na ya Kijapani yalifungwa kwa milimita. Ukilifungua sanduku la Jjajja na kupanga spana juu ya gunia, unaona matabaka. Chini kabisa ni za inchi: 7/16, 9/16, 5/8, robo tatu. Hizo ni nzito, nyeusi, na nyingi zina herufi mbili zilizopigwa kwa tindo karibu na mdomo, herufi za jina la Singasinga. Juu yake ni za milimita za namba ambazo Peugeot na Volkswagen hutumia sana, hasa 11 na 13. Juu kabisa ni 10, 12, 14 na ile soketi ya 21 ya nati za tairi, ambazo ndizo namba za Toyota. Mwanaakiolojia angefurahi. Utawala wa Uingereza uko chini, Ufaransa umekaa katikati, Japani imekuja juu, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kila tabaka liliongezwa siku gari fulani lilipofika mlangoni na spana zilizokuwapo zikakataa.

Zipo chache zinazovuka mpaka. Spana ya robo tatu inchi na ya milimita 19 ni kama kitu kimoja, kwa kuwa robo tatu ni milimita 19.05. Ya 5/16 inafaa nati ya 8. Ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, lakini hucheza kidogo, na ukivuta kwa nguvu huikata nati pembe zake. Msomaji aikumbuke hiyo ya nusu inchi.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia watoke Uganda, wakapewa siku 90. Aliita hatua zake vita vya uchumi. Kwa Jinja haikuwa habari ya redioni tu. Karibu kila duka la barabara kuu lilikuwa la Mhindi, na viwanda vikubwa vya jirani vivyo hivyo. Jjajja anasema wiki za mwisho kazi iliongezeka badala ya kupungua, kwa sababu kila mwenye gari alitaka limfikishe Entebbe au mpakani bila kuharibika njiani. Singasinga na vijana wake walifanya kazi usiku kwa taa ya karabai. Walioondoka waliruhusiwa fedha kidogo sana na mizigo ya kupimwa. Sanduku la spana la kilo arobaini na kitu halikuwa mzigo wa kusafiri nao.

Kwa maelezo ya Jjajja, usiku wa mwisho bwana wake alimkabidhi sanduku na kumwambia alipeleke Walukuba kabla ya asubuhi. Hakuandika karatasi. Asubuhi askari walikuja kuhesabu mali. Baada ya majuma machache kamati ya ugawaji ikampa gereji ofisa mmoja ambaye hakujua kutofautisha plagi na kabureta. Ofisa akauza mashine ya upepo, akauza jeki kubwa, akauza stoo yote ya spea kwa mkupuo, kisha akafunga mlango. Kwa hesabu ya Jjajja haikumaliza miezi sita.

Hapa Kiswahili cha Uganda kilizaa maneno mawili ambayo nadhani kila mwanafunzi wa lugha hii ayajue. Waliogawiwa maduka waliitwa "mafuta mingi". Mwalimu angesahihisha, aandike mafuta mengi, na angekuwa ameliharibu neno. La pili ni magendo. Kwa wenzetu wa Tanzania na Kenya magendo ni kuvusha bidhaa mpakani kwa siri. Kwetu neno lilipanuka likameza uchumi mzima: sukari ya magendo, sabuni ya magendo, bei ya magendo, na pia mtu mwenyewe aliitwa wa magendo. Spea za gari zilikuwa za magendo kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 hali ikawa ngumu zaidi, na baada ya vita vya 1979 hapakuwa hata na cha kuficha.

Katika miaka hiyo, kwa maoni yangu, ndipo wenye magari wa Uganda walipojifunza ufundi kwa lazima. Kabla ya 1972 mwalimu mkuu au daktari mwenye Peugeot 404 aliliacha gari gereji asubuhi na kulichukua jioni. Gari hilo lilikuwa na heshima. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na mashindano yenyewe yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. (Shekhar Mehta, aliyekuja kushinda Safari mara tano, alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa waliofukuzwa 1972. Ushindi wake wa kwanza ulikuwa 1973.) Baada ya 1972 gereji zilifungwa lakini Peugeot zilibaki. Mwenye gari alivua shati akafungua boneti mwenyewe, na kijana kama Jjajja akasimama kando kumwelekeza, akilipwa kwa ndizi au kwa mche wa sabuni.

Sabuni yenyewe ilikuwa spea. Tangi la mafuta likitoboka, unalisugua tundu kwa kipande cha sabuni ya mche, na petroli haiiyeyushi kama maji yanavyoiyeyusha. Gasketi ilikatwa kwenye boksi la katoni, ikapakwa grisi. Bushi zilichongwa kutoka tairi kuukuu. Gari moja lilikufa ili mawili yatembee. Jjajja anakumbuka Austin iliyoegeshwa nyuma ya nyumba yao ambayo kwa miaka saba ilitoa viungo mpaka ikabaki kibati na jina. Mafundi wa Katwe kule Kampala walikuwa wakifua na kuyeyusha vitu ambavyo zamani vilitoka Birmingham. Sitaki kuisifu dhiki. Breki iliyofanyiwa ujanja iliua watu, na Jjajja anawajua kwa majina. Ninachosema ni kwamba ujuzi uliokuwa umefungiwa ndani ya gereji chache ulitawanyika barabarani, na haujawahi kurudi ndani.

Ulipofika mwanzo wa miaka ya 1990 biashara ya fedha za kigeni ikafunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani ulikuwa tayari mahali pake. Miongoni mwa hayo Toyota Corolla AE100 ndiyo iliyoingia kila kijiji, na watu wakaiita Kikumi, kwa sababu ya ile mia iliyo katika jina lake. Ina injini ya 5A-FE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,498. Soko la Kisekka karibu na Nakivubo mjini Kampala likawa ghala la viungo vyake. Msemo wa mjini ni kwamba unaweza kununua pale taa uliyoibiwa jana. Mimi nanunua pale kwa risiti, lakini sijawahi kuthubutu kuuliza taa imetoka wapi.

Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria ya usalama barabarani, na magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa yakapigwa marufuku kuingizwa nchini. Kenya kikomo ni miaka minane. Nia yake naielewa, hewa ya Kampala si ya kujivunia. Lakini sheria ilizuia kuingia tu. Haikuyaondoa yaliyomo. Kikumi ya mama yangu ni ya 1994, na kila mwaka inazidi kuwa gari ambalo hakuna mwingine wa kulitunza ila mwenyewe.

Mama anasafirisha mayai kutoka Jinja kwenda Kampala mara mbili kwa wiki, trei zikiwa zimepangwa kiti cha nyuma mpaka darini. Ada yangu hutoka katika mayai hayo. Nilipokuwa mwaka wa pili, gari lilianza kuchemka. Fundi mmoja wa mjini alisikiliza dakika tano akasema gasketi imekwenda na hedi imepinda, dawa ni kununua injini nyingine. Bei aliyotaja ilizidi ada ya muhula. Mama alianza kuulizia wanunuzi wa kiwanja alichonunua na marehemu baba, na mimi nilishaandika barua ya kuomba kuahirisha masomo. Jjajja aliposikia hakulitazama gari kwanza. Aliuliza maswali.

"Linachemka wapi?"

"Mukono, Jjajja. Kwenye foleni."

"Na msituni Mabira?"

"Mabira halichemki."

"Likiwa linakimbia?"

"Likiwa linakimbia sindano inashuka."

Akanituma nifungue kifuniko cha rejeta likiwa limepoa, niwashe injini na kutazama kama maji yanatoa mapovu. Hayakutoa. Akasema nichomoe kijiti cha oili nione kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi tu, oili ya kawaida iliyochoka. Basi gasketi haikuwa na kosa. Gari linalopoa likikimbia na kuchemka likisimama linakosa upepo, na upepo wa gari lililosimama ni feni. Kwenye Kikumi feni ni ya umeme na huamriwa na swichi ndogo inayohisi joto la maji. Nilichomoa waya wa swichi ile, nikafungua switi ya gari, na feni ikazunguka, kwa maana mfumo wa gari hilo umetegwa hivyo: mkondo ukikatika pale, feni huwaka. Mota ilikuwa nzima. Kilichokufa ni swichi, na swichi ya mtumba pale Kisekka ilinigharimu chini ya bei ya trei chache za mayai.

Nilikuwa nikisoma somo la mbinu za utafiti muhula uleule, na nikaona kwamba mhadhiri wetu na Jjajja wanafundisha kitu kimoja. Usianze na jibu ulilopewa. Uliza lini na wapi, kisha utafute ushahidi ambao, kama jibu hilo ni la kweli, lazima uwepo. Fundi wa mjini alikuwa na nadharia ya gasketi bila mapovu.

Tangu hapo nimekuwa nikifanya matengenezo mwenyewe kila likizo, na nayataja hapa kwa kuwa ndiyo yaliyonifundisha kuzisoma zile spana. Nati ya kumwagia oili ni 14. Vichwa vya betri ni 10. Plagi zinataka soketi ya 16, na waya zake usizichomoe zote kwa pamoja, kwa maana silinda huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2 na waya ukikosea zamu injini inapiga chafya. Belti ya taiming tuliibadilisha pamoja, siku mbili, Jjajja akiwa kwenye kiti cha plastiki na mimi chini, na nilipolala pale nilinyoosha mkono nikasema "kumi na mbili". Alinipa bila kutazama. Majirani walikuja kushangaa msichana, wakakaa mpaka tulipowasha.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza swali lililokuwa limenikaa kama mtafiti na kama mjukuu. Maelfu ya biashara na nyumba za Waasia ziligawiwa mwaka 1972 na baada yake, na kila aliyepata kitu ana hadithi ya jinsi alivyopewa. Hadithi ya "aliniachia mwenyewe" imesikika Uganda nzima. Nitajuaje kwamba sanduku hili halikuchukuliwa asubuhi, baada ya mwenyewe kuondoka?

Alikaa kimya muda. Sikuwa na uhakika kama nimemkosea adabu. Kisha akaniambia habari ambayo mama naye alikuwa hajaisikia yote.

Sheria ya mwaka 1982 iliwaruhusu waliofukuzwa kudai mali zao, lakini wengi walirudi miaka ya 1990. Mtoto wa yule Singasinga alikuja Jinja wakati huo kudai nyumba ya gereji. Baba yake alikuwa amekwisha kufa Uingereza. Jjajja alipata habari sokoni. Alilipakia sanduku kwenye baiskeli, akalisukuma kutoka Walukuba mpaka mjini, akaliweka sakafuni mbele ya yule mtu na kusema, hizi ni za mzee. Zilikuwamo zote za inchi, zenye herufi. Alikuwa tayari kurudi na baiskeli tupu, anasema, ingawa wakati huo spana hizo ndizo zilizokuwa zikimlisha mama na wajomba.

Yule mtu alichuchumaa akazitoa moja moja, akazipanga sakafuni kwa ukubwa. Alisema baba yake alikuwa ameuliza habari za sanduku katika barua, na zaidi aliuliza habari za kijana. Kisha akachukua spana moja, akaifuta kwa leso, akaitia mfukoni, na nyingine akazirudisha mwenyewe kwa mpangilio uleule.

Kwa mhadhiri wangu hii nayo si karatasi. Ni neno la Jjajja juu ya neno la Jjajja. Barua siijui iko wapi, na mtu yule hakuacha anuani. Nimelikagua sanduku kipande kwa kipande na kuandika orodha, yenye ukubwa, aina na alama. Za inchi zipo kumi na moja, zenye herufi zile zile, kuanzia 5/16 hadi inchi moja. Iliyokosekana katika mfululizo ni moja tu, ya nusu inchi, ambayo ndiyo inayotumika kuliko zote kwenye Land Rover ya zamani, na fundi hawezi kuipoteza akakosa kuitafutia nyingine. Kisekka zimejaa, bei ndogo. Nilimletea moja Krismasi iliyopita. Aliishukuru, akaiweka dirishani, haijaingia sandukuni.

Jirani yetu ana Land Rover aliyoirithi, na huja kwetu ikikataa kuwaka. Nati zake nyingi ni za nusu inchi. Jjajja hunipa ya 13, na huniambia niivute polepole, kwa sababu inacheza.